Mgeni wa Nairobi achague malazi na mlo bila haya

Kila likizo ya Agosti au ya Desemba inapokaribia, familia nyingi za Pwani, Nyanza, Magharibi na kwingineko hufunga virago kwenda Nairobi ili watoto wakaone wanyama, makumbusho na majengo marefu. Swali la kwanza linaloulizwa nyumbani ni, "Tutafikia kwa nani?" Ni nadra kumsikia mtu akiuliza, "Tutafikia hoteli gani?" Mimi naamini kwamba wakati umewadia wa swali hilo la pili kupewa uzito wake, na lijibiwe kwa hesabu wala si kwa hofu au fahari.

Sisemi undugu utupwe jaani. Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata hivyo, wahenga hao hao walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jijini hakuna jembe la kumpa. Ndugu anayepanga chumba kimoja Kayole, anayenunua maji kwa mtungi na kurauka saa kumi alfajiri kwenda kazini, hawezi kuwalaza na kuwalisha watu watano kwa juma zima bila kukopa. Wala hatasema, kwa kuwa anaona haya. Deni hilo ni gharama ya likizo yetu, ila tumemtwika mwingine. Aliyeweza kulipa nauli ya watu watano na ajipange kulipia malazi pia, hata ikiwa itambidi apunguze siku za matembezi. Nduguye atamwona mchana, akiwa na kifurushi cha sukari na unga mkononi, na mapenzi yatabaki pale pale.

Kwa nini basi hoteli hututia woga? Sababu moja ni historia. Mwanzo wa hoteli ya Stanley ni mwaka wa 1902, na Norfolk ilifunguliwa Desemba 1904. Kwa miongo mingi ya ukoloni, Mwafrika aliingia katika majumba kama hayo akiwa mpishi au mtumishi, si mgeni wa kuandaliwa meza. Uhuru wa 1963 uliifungua milango, lakini woga haukutoka moyoni siku hiyo hiyo. Isitoshe, mnamo Machi 2015 Wakenya walipigwa na butwaa kusikia kwamba mkahawa mmoja wa Kichina jijini ulikuwa ukiwazuia Waafrika kuingia baada ya saa kumi na moja jioni. Wakuu wa jiji waliufunga, na walifanya vyema.

Woga huo huzaa makosa ya aina mbili. Kuna anayepita mbali na kila mlango wenye bawabu, hata kama bei ya ndani angeimudu. Na kuna anayeingia na kulipa lolote atakaloambiwa, mradi asionekane mshamba. Wote wawili wameogopa kuuliza. Ilhali kuuliza ni haki: Katiba ya 2010, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora wa kuridhisha, pamoja na maelezo anayohitaji ili afaidike nazo.

Swali la kwanza liwe hili: bei niliyotajiwa ni ya jumla? Ushuru wa VAT ni asilimia 16, na tozo ya utalii ni asilimia 2. Chumba kilichotangazwa kwa shilingi 4,000, ikiwa vitu hivyo havijajumlishwa, kitakugharimu shilingi 4,720. Kwa siku tatu umeongeza shilingi 2,160, nazo ni pesa za kuwapeleka watoto mbugani. Mimi mwenyewe nimewahi kukabidhiwa hesabu ya namna hiyo asubuhi ya kuondoka, katika hoteli ambayo sitaitaja, na karani akashangaa kwamba nashangaa. Uliza pia kama kiamshakinywa kimo, kama bei ni ya chumba au ya kila mtu, na kama watoto wanalipiwa. Mwisho, uliza kama kuna bei ya wananchi, kwa kuwa hoteli nyingi hutoza wakazi na wageni wa ng'ambo viwango tofauti.

Swali la pili ni mahali. Mbuga ya wanyama ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1946, iko kusini mwa jiji, na ukumbi wa Bomas uko upande huo huo wa Lang'ata. Makumbusho yako upande wa kaskazini, nalo jumba la KICC liko katikati. Malazi ya bei nafuu pembezoni mwa jiji yaweza kuwa ghali kuliko yote, kwa sababu kila asubuhi utalipa nauli ya watu watano na kukwama katika msongamano wa magari. Aidha, anayesafiri kwa treni ya mchana kutoka Mombasa hushuka Syokimau usiku, mbali na katikati ya jiji. Huyo na ajue kabla ya kung'oa nanga atalala wapi na atafikaje.

Swali la tatu ni chumba chenyewe. Omba ukione kabla ya kulipa. Fungua mfereji uone kama maji yanatoka, kwani jiji hili lina mgao wa maji, na uulize kama kuna tangi. Maji moto si anasa kwa mtu wa Pwani anayefika Nairobi katika baridi ya Julai na Agosti, wala blanketi la pili. Jaribu kufuli ya mlango. Tazama kama kuna ngazi nyingine ya kutorokea moto ukizuka. Na ukiwa pande za River Road, omba chumba cha nyuma, la sivyo utakesha na honi za matatu na muziki wa baa.

Nyota na majina makubwa visikuzuzue. Nyota hutolewa kwa kukaguliwa, nazo zina maana yake, lakini ziko hoteli ndogo zisizo na nyota hata moja ambazo mashuka yake ni meupe pe. Nayo majina hupita. Hilton, yenye mnara ule wa duara uliokuwa alama ya jiji tangu 1969, ilifunga milango mwishoni mwa 2022. Anayeelekezwa na mzee aliyezuru Nairobi zamani na ahakikishe kwanza.

Kuhusu chakula, Kiswahili chetu cha Kenya kinatuambia jambo, maana neno hoteli kwetu ni pa kulala na pia ni pa kunywa chai kwa mandazi. Si lazima mtu ale anapolala. Yasikitisha kumwona mgeni akitoka Kisumu au Lamu kuja kula chipsi kwa kuku siku zote tano. Nairobi ni sahani ya nchi nzima: nyama choma ya Kenyatta Market na Kariokor, nyama ya ngamia Eastleigh, mapishi ya Kihindi Parklands. Kanuni yangu ni moja. Saa saba mchana, fuata wafanyakazi, kwa maana palipo na foleni chakula hakilali. Tazama pa kunawia mikono, tazama bei ukutani. Nyama choma iafikiane bei ya kilo na ipimwe mbele yako kabla ya kufika jikoni.

Wenye hoteli nao wana wajibu. Mwananchi wa Kakamega anayelala siku tatu si mgeni wa daraja la pili. Watalii wa ng'ambo walipokosekana mwaka wa 2020 kwa sababu ya Korona, hoteli zilimkumbuka kwa matangazo na bei za kumbembeleza. Zisimsahau mambo yakinyooka. Bei kamili iandikwe mahali inapoonekana, na karani ajibu maswali ya mwenye kandambili kama anavyoyajibu ya mwenye tai.

Kuuliza si ujinga. Pesa za likizo ni jasho la mwaka mzima, na mwenye jasho lake ana kila haki ya kujua linakwenda wapi.