Fahamu: Mpunga wa Kyela unavyofungasha nguvu za jua

Mchele wa Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, hunukia hata kabla sufuria haijaepuliwa. Lakini nguvu iliyomo kwenye wali huo iliingiaje?

Ndani ya jani la mpunga, mwanga hugonga umbijani, kemikali ya kijani ya jani, na kuirusha elektroni. Pengo lake huzibwa na elektroni inayong'olewa kwenye maji na kimeng'enya chenye atomu 4 za manganizi na 1 ya kalsiamu. Hapa ndipo penye ajabu, maana maji hayaachii elektroni kirahisi. Oksijeni tunayovuta ni mabaki ya kazi hiyo. Elektroni hupokezanwa protini kwa protini, kama matofali mkono kwa mkono kwenye ujenzi, hadi kimeng'enya cha mwisho kinapoikabidhi kwa molekuli ya NADP, inayogeuka NADPH. Safari hiyo pia husukuma protoni zinazozungusha kimeng'enya kinachounda ATP, molekuli inayobeba nishati; Paul Boyer na John Walker walitunukiwa Nobel mwaka 1997 kwa kukieleza.

NADPH na ATP huigeuza hewa ukaa kuwa sukari, kisha wanga wa punje. Ukila wali, vimeng'enya vyako huzirudisha elektroni hizo kwa oksijeni, na maji hupatikana tena.