Miluzi Mingi Humpoteza Mbwa: Ufundishaji wa Mbwa Kuitika Mwito katika Mazingira ya Nansio

Methali isemayo "miluzi mingi humpoteza mbwa" kwa kawaida hufafanuliwa kwa kumhusisha binadamu: asikilizaye washauri wengi hushindwa kuamua. Hata hivyo, maana yake ya msingi ni kanuni halisi ya ufugaji. Mbwa hujifunza kuhusisha sauti moja na jambo moja linaloifuata. Iwapo baba humwita kwa mluzi, mama kwa jina, na watoto kwa neno "njoo", kila sauti hupungukiwa nguvu. Neno "njoo" lenyewe husikika uani kutwa nzima likielekezwa kwa watu, hivyo mbwa huzoea kulipuuza.

Kwa hiyo, kaya haina budi kukubaliana kwanza juu ya mwito mmoja. Katika mji wa Nansio, makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe, malipo ya mbwa hayana gharama kubwa: dagaa mkavu mmoja hutosha. Mwito hutolewa mara moja mbwa akiwa hatua mbili tatu. Akifika, hupewa dagaa papo hapo. Zoezi hurudiwa kwa siku kadhaa, dakika chache kila mara, kisha umbali huongezwa mbwa akiwa amefungwa kamba ndefu, asije akajifunza kwamba kutoitika kunawezekana. Asipokuja, mwito haurudiwi mara tano. Mfugaji hurudi nyuma hatua chache, kwani mbwa humfuata kwa urahisi anayeondoka, ilhali humkimbia anayemfukuza.

Mtihani mgumu uko mwaloni. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na asubuhi huanikwa ufukweni; dagaa mmoja mkononi hana thamani mbele ya mchanga uliojaa dagaa. Mfugaji aweza kubadili malipo na kutumia kipande cha nyama. Lililo jepesi zaidi ni kuanza mazoezi ya ufukweni siku za mbalamwezi, uvuvi wa dagaa unapopungua na sehemu za kuanikia zikiwa tupu.

Kosa linaloharibu kazi yote ni kumwita mbwa ili apigwe. Mbwa aliyekula mayai ya jirani, akaitwa, akaja, akachapwa, hahusishi fimbo na mayai. Huihusisha na kuja. Vivyo hivyo, anayeitwa kwa ajili ya kufungwa tu hujifunza kukaa mbali. Yafaa aitwe mara nyingi, alipwe, kisha aachiwe aendelee na mambo yake.

Suala hili halihusu adabu ya mbwa pekee. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili maambukizi ya kichaa cha mbwa yakatike. Katika kampeni nyingi mbwa hupelekwa kituoni na mwenyewe, mara nyingi mtoto wa kaya. Mbwa asiyeitika wala kushikika hubaki nyumbani bila chanjo. Ugonjwa huu, dalili zikishaanza, huua karibu kila mgonjwa. Kuzungukwa na maji nako si kinga: Pemba iliudhibiti, lakini ukaibuka tena mwaka 2016.

Kwa sababu hiyo, wiki ya kabla ya chanjo hutumiwa vema kwa kumwita mbwa, kumshika shingo na mapaja, na kumpa dagaa. Hupewa mwingine mara tu baada ya sindano, ili mwakani aitwapo tena asijifiche.