Methanoli: Kwa nini pipa moja hubeba alama tatu za hatari

MTU asiyejua kusoma akilitazama pipa la methanoli lililotiwa alama ipasavyo, ataona michoro mitatu, kila mmoja ukiwa ndani ya mraba wenye ukingo mwekundu uliosimamishwa kwa pembe yake. Wa kwanza ni mwali wa moto. Wa pili ni fuvu la kichwa na mifupa miwili iliyopishana. Wa tatu ni kiwiliwili cha binadamu ambacho kifua chake kina mpasuko mfano wa nyota.

Akilifungua pipa hilo na kumimina kilichomo ndani ya gilasi, hataona lolote la kumtisha. Ni kioevu kiangavu kama maji, na harufu yake inakaribiana mno na ya ethanoli, yaani alkoholi iliyomo katika bia, mvinyo na chang'aa. Pua na ulimi haviwezi kutegemewa kuzitofautisha.

Kufanana huko kumegharimu maisha ya Wakenya wengi. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki Nairobi, wengi wao wakazi wa mitaa ya mabanda ya Mukuru, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, huku wengine wakipoteza uwezo wa kuona. Mnamo 2005, zaidi ya watu 40 walifariki katika eneo la Machakos. Mei 2014 msiba ukarudi, mara hii ukizikumba kaunti kadhaa kwa wakati mmoja, zikiwemo Embu, Kiambu na Kitui.

Kila mara methanoli ilielezwa kuwa "kemikali hatari". Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayafafanui mengi. Petroli ni hatari, na dawa ya kuulia kupe vilevile. Mtaalamu wa usalama wa kemikali huuliza maswali zaidi: hatari yenyewe ni ya namna gani, humwingia mtu kwa njia ipi, na ni kiasi gani kinachotosha kumdhuru?

Maswali hayo hujibiwa kwa utaratibu mmoja kote duniani, angalau katika mataifa yaliyoukubali. Wazo lake lilipitishwa katika mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira uliofanyika Rio de Janeiro, Brazil, mwaka wa 1992. Kabla ya hapo, kemikali moja ingeweza kuitwa sumu katika nchi moja na isiitwe hivyo katika nchi jirani. Mfumo wenyewe, ujulikanao kwa kifupi kama GHS, uliidhinishwa mwishoni mwa 2002 na kuchapishwa 2003, na hufanyiwa marekebisho kila baada ya miaka miwili.

Mfumo huo hugawa hatari katika mafungu matatu: za kimaumbile kama vile moto na mlipuko, za afya, na za mazingira. Ndani ya kila fungu mna aina mbalimbali za hatari, na takriban kila aina hugawanywa katika madaraja. Hapa ndipo wengi huteleza, maadamu hesabu yake ni kinyume cha ile waliyoizoea. Daraja la 1 ndilo kali kuliko yote.

Kuhusu moto, methanoli haina utata. Kipimo kinachotumika ni kiwango cha chini kabisa cha joto ambacho kioevu hutoa mvuke wa kutosha kushika moto pakiwa na cheche. Kwa methanoli kiwango hicho ni takriban nyuzi 11 za Selsiasi, nayo huchemka kwa nyuzi 65 hivi. Kioevu ambacho mvuke wake hushika moto chini ya nyuzi 23, na ambacho huanza kuchemka juu ya nyuzi 35, huwekwa katika daraja la 2 la vioevu vinavyowaka. Huko Mombasa hakuna usiku unaokuwa na baridi ya kuizuia methanoli kutoa mvuke wa kuwaka.

Mwali wake ni wa samawati hafifu ambao mchana wa jua hauonekani kwa urahisi. Mnamo 1981, katika mashindano ya magari ya Indianapolis 500 nchini Marekani, dereva Rick Mears aliungua usoni methanoli ilipomwagika na kushika moto wakati gari lake likijazwa mafuta. Watu waliokuwa karibu hawakuelewa mara moja kilichokuwa kikitendeka, kwa sababu moto wenyewe haukuonekana.

Hata hivyo, alama ya mwali haiitenganishi methanoli na binamu yake. Mvuke wa ethanoli hushika moto kwa nyuzi 13 hivi, nayo pia imo katika daraja lilo hilo la 2. Mfanyakazi wa bohari anayejua habari ya moto pekee angeweza kuamini kwamba mapipa hayo mawili yana kitu kimoja. Linaloyatenganisha ni fuvu.

Fuvu hilo lina historia ya kushangaza. Ili kuainisha sumu, mara nyingi wanasayansi hutafuta dozi inayowaua nusu ya panya wa maabara, kisha huilinganisha na mipaka iliyowekwa. Kwa sumu inayomezwa, dozi isiyozidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzani wa mwili ni daraja la 1. Daraja la 2 hukoma kwenye miligramu 50, la 3 kwenye 300 na la 4 kwenye 2,000. Madaraja matatu ya kwanza ndiyo yanayopewa fuvu. La 4 huwekewa alama ya mshangao tu.

Panya akinyweshwa methanoli, dozi ya kumuua huzidi miligramu 5,000 kwa kilo. Kwa hesabu hiyo, methanoli isingestahili fuvu. Isingepata hata alama ya mshangao. Lau wataalamu wangemsikiliza panya peke yake, pipa lingeandikwa kwamba lina kioevu cha kuwaka, basi.

Tofauti imo ndani ya mwili. Methanoli yenyewe hulevya kidogo tu. Ini huigeuza kwanza kuwa fomaldehaidi, na mara moja fomaldehaidi ikawa asidi ya fomiki, asidi ile ile ambayo majimoto humrushia adui. Panya ana uwezo mkubwa wa kuivunjavunja asidi hiyo upesi. Binadamu hana. Kwake hujikusanya katika damu saa baada ya saa na kuzizuia seli zisiweze kutumia oksijeni.

Ndiyo maana kanuni za uainishaji husema kwamba pakiwepo ushahidi wa kuaminika kutoka kwa binadamu, huo hutangulizwa mbele ya ule wa wanyama. Kumbukumbu za matibabu kuhusu watu walionywa methanoli zinaonyesha kwamba asiyetibiwa anaweza kufa kwa dozi ya kati ya miligramu 300 na 1,000 kwa kilo. Kwa ushahidi huo iliwekwa katika daraja la 3, si kwa kumezwa tu bali pia kwa kuvutwa hewani na kwa kugusa ngozi. Kwa maneno mengine, fuvu lililo kwenye pipa lilichorwa kwa kutegemea rekodi za hospitali na vyumba vya maiti.

Tukizigeuza tarakimu hizo kuwa vipimo vya nyumbani, mtu wa kilo 60 anaweza kuuawa na gramu 18. Hizo ni kama mililita 23, yaani vijiko vitano vya chai visivyojaa. Wapo walionusurika baada ya kunywa zaidi ya hapo, hasa waliofikishwa hospitalini mapema.

Mchoro wa tatu, ule wa kifua chenye nyota, unahusu jambo ambalo fuvu haliwezi kulieleza. Fuvu huzungumzia kifo. Mchoro huu huzungumzia kiungo mahususi kinachoharibiwa hata mtu asipokufa. Kwa methanoli kiungo hicho ni jicho, au kwa usahihi zaidi, mshipa wa neva unaopeleka habari kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Mililita 10 hivi za methanoli halisi zinaweza kumpofusha mtu maisha yake yote. Katika aina hii ya madhara, yanayotokana na dozi moja tu, methanoli imepewa daraja la 1.

Dalili nazo huchelewa. Mnywaji huweza kulala akiwa mzima na kuamka akiwa na maumivu ya kichwa na kichefuchefu, mambo ambayo mlevi yeyote huyachukulia kuwa ni uchovu wa pombe ya jana. Kwa kawaida dalili kali hujitokeza baada ya saa 12 hadi 24: macho huona ukungu, pumzi huwa za haraka, na hatimaye fahamu hupotea. Iwapo methanoli ilichanganywa na pombe ya kawaida, kuchelewa huko huongezeka, kwa vile ini hushughulika na ethanoli kwanza.

Tabia hiyo ya ini ndiyo inayotumiwa na madaktari. Mgonjwa hupewa dawa ya fomepizoli, au ethanoli ya hospitalini kwa kipimo maalumu, ili kukizuia kimeng'enya kinachozalisha asidi, kisha damu husafishwa kwa mashine ile wanayotumia wagonjwa wa figo. Kumwongezea mgonjwa pombe nyumbani si tiba hiyo. Hakuna ajuaye kilichomo ndani ya chupa ya pili.

Pamoja na yote hayo, methanoli ni malighafi ya halali na yenye faida nyingi. Hutumika kutengeneza gundi za plaiwudi, hutumika katika rangi na vimumunyisho, na katika utengenezaji wa dizeli itokanayo na mafuta ya mimea. Isitoshe, katika nchi nyingi hutiwa makusudi katika spiriti ya viwandani ili isinyweke na isitozwe ushuru wa vileo. Kiwandani, palipo na madirisha, glavu na mafunzo, mtu anaweza kufanya kazi nayo miaka mingi bila kudhurika.

Barabarani pia hutambulika. Lori lililowekwa mabango kwa kanuni za kimataifa huonyesha nambari 1230, ambayo Umoja wa Mataifa umeitengea methanoli pekee. Mchanganyiko wa ethanoli huwa na nambari 1170. Zimamoto na maafisa wa trafiki wanaozijua nambari hizo hawana haja ya kunusa chochote.

Kasoro hujitokeza pale kioevu kinapotoka ndani ya pipa. Alama hubaki kwenye pipa, nacho kioevu huingia katika mtungi wa plastiki wa lita 20 uliowahi kubeba mafuta ya kupikia, na kutoka hapo katika chupa isiyo na karatasi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa 1990 kuhusu kemikali uliliona jambo hilo. Unamtaka mwajiri ahakikishe kwamba kemikali inapohamishwa kutoka chombo kimoja hadi kingine, wafanyakazi wanaendelea kujulishwa ni kitu gani na kina hatari zipi. Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kemikali hatari ziwekewe alama na ziandamane na karatasi ya maelezo ya usalama.

Sheria hizo ziliandikwa zikimlenga mwenye kiwanda. Mwizi anayefyonza lita chache usiku kutoka kwenye tangi hatafuti karatasi ya maelezo, wala mpikaji pombe anayeuziwa "spiriti" kichochoroni hana mtu wa kumuuliza. Huenda hata yeye mwenyewe hajui alichonunua, kwani amekinusa, akakiwasha kwa kiberiti, na kikawaka. Ethanoli nayo ingewaka vivyo hivyo.