Kompyuta ya Linux nyumbani: barua pepe bila kuteketeza kifurushi

Binti yetu alipokuwa akisubiri majibu ya maombi ya chuo, kifurushi cha wiki kiliisha siku ya pili. Hakuna aliyetazama video. Kompyuta yetu kuukuu, inayotumia mfumo wa Linux, iliunganishwa na simu pekee ya nyumbani yenye intaneti kwa muda wa saa moja tu. Barua ya chuo iliingia siku ya nne. Sisi tukaiona siku ya saba, zikiwa zimesalia saa chache za kuthibitisha nafasi.

Lawama tuliitupia kwanza kampuni ya simu. Tulipochunguza, tukabaini kuwa uvujaji ulikuwa ndani ya nyumba yetu: kompyuta ilikuwa ikipakua masasisho kimyakimya.

Linux, ambayo Linus Torvalds alianza kuiandika nchini Finland mwaka 1991, kwa kawaida hutolewa bure, na matoleo yake mepesi huzirudishia uhai kompyuta zisizomudu Windows mpya. Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, njia hii imezidi kuwa na maana kwa familia zisizo na uwezo wa kununua kompyuta nyingine. Hata hivyo, mfumo wa bure haumpi mtu intaneti ya bure.

Kwa nyumba isiyo na mtandao wake, simu ya Android inatosha. Iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB, kisha katika mipangilio ya simu ruhusu kugawana intaneti kwa waya huo. Aghalabu Linux huitambua papo hapo bila programu ya ziada, wala hakuna jirani atakayedandia. Unaponunua kifurushi, usitazame bei peke yake: igawe kwa idadi ya MB, na uangalie muda wa matumizi. GB nyingi za usiku hazimfai anayengoja barua ya saa nne asubuhi.

Kinachofuata ni kuifunga mianya. Katika mipangilio ya mtandao ya Ubuntu, ipo sehemu ya kuieleza kompyuta kwamba mtandao uliounganishwa una kikomo na unalipiwa. Usiiache ikisie yenyewe. Kisha zima upakuaji wa masasisho unaojiendesha. Tahadhari, ndugu msomaji: masasisho yasiachwe kabisa, kwani ndiyo yanayoziba matundu ya usalama. Yatengee siku moja katika wiki, pale penye mtandao nafuu.

Kwa upande wa barua pepe, tumeacha kuisomea kwenye kivinjari. Tunatumia Thunderbird, programu ya bure inayokuja tayari ndani ya Linux Mint, kwa anwani ileile ya zamani. Huziteremsha barua, ukakata mtandao, ukasoma na kujibu kwa utulivu, na majibu yakasubiri hadi utakapounganisha tena. Picha zilizohifadhiwa mbali haizipakui bila idhini yako, na waweza kuiagiza isiteremshe barua zinazozidi ukubwa fulani. Kumbuka pia kwamba kiambatisho hunenepa kwa takriban theluthi kinaposafirishwa kwa barua pepe: cheti cha MB 6 hula karibu MB 8. Kipunguze kabla ya kukituma.

Nafasi ya binti yetu ilithibitishwa usiku wa mwisho, kwa simu ya kuazima kwa jirani. Leo nyumba ina utaratibu: baada ya Alfajiri na baada ya Isha, waya huchomekwa kwa dakika tano, barua zikaingia na kutoka, kisha ukachomolewa. Mwenye zamu hiyo ni binti mwenyewe, na kifurushi sasa hufika mwisho wa wiki.