Suala la Ardhi katika Japani Iliyokaliwa, 1945–1952
Kufufuka kwa Japani chini ya utawala wa kijeshi wa Marekani aghalabu huhesabiwa kuwa kazi ya Jenerali MacArthur. Rai hiyo ina upungufu. Mswada wa kwanza wa ardhi, wa Desemba 1945, ulitungwa na Wajapani wenyewe. Jeshi liliuona dhaifu, likashinikiza sheria kali zaidi, iliyopitishwa Oktoba 1946. Makabaila wasioishi vijijini waliiuzia serikali mashamba yao yote, nayo ikawauzia wakulima wapangaji. (Mfumuko wa bei uliifanya fidia kuwa karibu si kitu.) Mashamba ya kupanga, takriban asilimia 46 ya ardhi iliyolimwa, yalibaki kama asilimia 10 kufikia 1950. Waliogawa ni kamati za vijiji: wapangaji watano, makabaila watatu, wakulima wenye mashamba wawili.