Kazi yenyewe inadai nini?

Chukua fundi cherehani aliyekimbia Uvira, Kongo, akapata hifadhi Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Amesikia kuna karakana Mbarara inayoshona sare za shule na inatafuta mafundi. Anaondoka alfajiri, anakula vumbi la Isingiro, anafika getini na tepu ya kupimia shingoni. Mfukoni ana kitambulisho cha mkimbizi kilichotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Mlinzi anataka kitambulisho cha taifa. Hana, wala hawezi kuwa nacho, maana hicho hupewa raia peke yao. Safari imeishia hapo, na hakuna aliyeangalia mshono wake.

Waajiri huniambia: karakana ni yangu, fedha ni zangu, naajiri nimtakaye. Siidharau hoja hiyo. Kitambaa kikikatwa vibaya, hasara ni ya mwenye karakana. Lakini Uganda ilikwisha kuamua. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya 2006 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya rangi, jinsia, dini, maoni ya kisiasa, asili ya kitaifa au ya kijamii, hali ya VVU na ulemavu. Sheria ya Wakimbizi, ya mwaka huohuo, inampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kufanya kazi ya kipato.

Kifungu hicho cha 6 hakiishii kwenye nia ya mwajiri, kinaangalia pia matokeo. Huenda aliyeandika sharti la kitambulisho cha taifa hakuwa na kinyongo na Mkongomani yeyote, alitaka tu kujua anaajiri nani. Lakini kitambulisho cha mkimbizi kina jina, picha na namba, na kinamjibu swali lake. Kung'ang'ania kile kingine kunawafungia mlango watu wote wa Nakivale, Msomali, Mrundi na Mkongomani, kabla hata hawajashika sindano.

Sheria imemwachia mwajiri nafasi moja, nayo ni ya haki kabisa: sifa ambazo kazi yenyewe inazidai si ubaguzi. Hapa ndipo penye kazi ya kufikiri. Muuguzi anayempokea bibi kizee kutoka kijijini lazima amwelewe anapoeleza maumivu yake kwa Kinyankole, na lazima awe na cheti na usajili. Hapo simtetei asiyekuwa navyo. Fundi wa sare anahitaji kujua kiuno ni sentimita ngapi. Akidaiwa Kinyankole fasaha ili ashone suruali ya kaki, lugha imegeuzwa kichaka cha kufichia jambo jingine. Na sharti la lugha linaweza kumgeukia mwajiri mwenyewe: duka la vipuri kandokando ya barabara kuu, wanakopita madereva wa malori kutoka Mombasa kuelekea Kigali na kwingineko, lina haja kubwa ya mtu wa Kiswahili, na Nakivale wamejaa.

Vyeti navyo vipimwe hivyohivyo. Diploma ya sekondari ya Kongo imeandikwa kwa Kifaransa, na kuilinganisha na ya Uganda ni kazi ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, yenye gharama na kungoja. Kwa mwalimu ni lazima. Kwa mwashi wa matofali ni usumbufu mtupu.

Kuna woga mmoja ninaousikia mara nyingi zaidi ya chuki: "Nitamfundisha, kesho atapanda ndege kwenda Kanada." Lakini wanaohamishiwa nchi ya tatu kwa mwaka hawafiki asilimia 1 ya wakimbizi wote duniani. Kijana wa Mbarara naye huenda Kampala au Dubai, na hakuna anayemuuliza hilo getini. Mwajiri asiyemjua mtu humkisia kwa kundi lake, ilhali Sheria hiyohiyo ya Ajira imempa dawa ya kutomjua: kipindi cha majaribio cha hadi miezi 6. Gary Becker, mwanauchumi wa Marekani, aliandika mwaka 1957 kwamba anayebagua hulipia ubaguzi wake kwa kukosa wafanyakazi wazuri. Sioni hilo likimsaidia fundi wetu. Pale ambapo nafasi moja inagombewa na watu wengi, hasara ya kumkosa mmoja haisikiki.

Lawama si za waajiri pekee. Kuhusu kama mkimbizi anahitaji kibali cha kazi, idara za serikali zimekuwa zikitoa majibu yasiyofanana, na mwenye duka anayeogopa faini huona heri asimwajiri mkimbizi kabisa. Hilo ni la serikali kulinyoosha, kwa waraka mmoja ulioandikwa wazi.

Eneo hili linajua swali la "wewe asili yako wapi" linakofika. Oktoba 1982 makumi ya maelfu ya watu wenye asili ya Rwanda walitolewa majumbani mwao katika Wilaya ya Mbarara ya wakati ule. Wengine walivuka mpaka, wengine wakasongamana Nakivale, na miongoni mwao walikuwamo raia halali wa Uganda. Kwa hiyo nikiona swali la asili kwenye fomu ya kuomba kazi, namuuliza mwajiri jibu lake litamsaidia nini kazini. Wengi hunyamaza.

Aliyekataliwa anaweza kumwendea afisa kazi wa wilaya, lakini aliyerudishwa getini na mlinzi hana karatasi hata moja ya kuonyesha. Ndiyo maana naanzia kwa mwenye karakana. Fundi yule bado yuko nje, tepu shingoni. Mwite ndani, mpe kitambaa cha kaki, mkasi, cherehani na nusu saa.