Kuku Aliyelazwa Chali Hajatulia

Swali ni lile lile, anayebadilika ni muulizaji tu: "Daktari, kuku wangu wa uani ni waoga kupindukia, wakiniona wanaparamia ukuta. Kila siku namkamata mmoja mmoja na kumlaza chali mpaka atulie. Mbona hawazoei?" Wanaouliza ni watu wa Yeoville, wa Bertrams, wa Rosettenville, na wengi wao wamenunua wale kuku wa mayai waliomaliza muda, wanaouzwa wazima kando ya barabara hapa Johannesburg. Leo najibu kwa maandishi, tumalize.

Kuku huyo hajatulia. Ameganda kwa hofu.

Mchezo wenyewe ni wa kale. Mwaka 1646 Mjesuiti Athanasius Kircher aliandika kwamba kuku akifungwa miguu, akalazwa chini na kuchorewa mstari wa chaki mbele ya mdomo, hata ukimfungua hainuki. Kircher alidhani kuku anauona ule mstari kuwa ndiyo kamba. Mstari hauna kazi yoyote. Kinachomgandisha ni kukandamizwa: mwili umeshaamini kwamba adui ameunasa, na hila pekee iliyobaki ni kujifanya mzoga, huenda kucha zikalegea. Mwangalie vizuri uone kope zinavyofumbafumba na vidole vinavyotetemeka. Halafu, bila dalili, anachomoka kwa kishindo. Huo ndio utulivu?

Watafiti hupima woga wa kuku kwa muda anaokaa ameganda: akikaa sana, ni mwoga sana. Mwaka 1971 Gordon Gallup na wenzake huko Marekani walionyesha kuwa kuku akigandishwa mbele ya mwewe aliyekaushwa huchelewa zaidi kuinuka, na kinachomtisha hasa ni yale macho yanayomkodolea. Sasa nawe umemlaza chali, umemwinamia, unamkazia macho ukingoja azoee! Unamfundisha kwamba wewe ni mwewe, naye somo limemwingia barabara.

Wapo pia wanaomning'iniza miguu juu, kwa hoja kwamba "akinyamaza amekubali." Kuku hana kiwambo kama chetu kati ya kifua na tumbo. Akipinduliwa, matumbo yanalalia mapafu na mifuko ya hewa. Hajakubali chochote, anahangaika kupumua.

Ya kufanya ni haya. Kuku hao waliomaliza muda wametoka kwenye vizimba na hawajawahi kukaa chini ya anga wazi, na anga ya jiji hili ina vipanga kweli: funika nusu ya ua kwa neti ya kivuli, weka makreti na vichaka vya kujificha. Mtu mmoja alishe, saa zile zile, kwa kopo lile lile. Achuchumae, atupe punje, asikamate kuku yeyote. Watoto wasiwafukuze. Ukilazimika kumshika, ngoja usiku akiwa kwenye fito, tumia mwanga hafifu, bana mabawa, mbebe wima. Wakipiga kelele usiku, tafuta panya, na utitiri kwenye nyufa za fito. Tarehe 5 Novemba, Diwali na mkesha wa Mwaka Mpya, wafungie mapema kabla ya fataki. Mvua za mawe za kiangazi zinataka paa imara. Na kama hujanunua bado, chukua kuku wa aina ya Koekoek wa Potchefstroom, uachane na Leghorn, ambaye woga wake ni wa kuzaliwa.

Hila ya chali ina hatari nyingine: inakuzoesha kufurahia kuku aliyenyamaza. Mwaka 2023 mafua ya ndege ya H7N6 yalifyeka mashamba ya kuku wa mayai hapa Gauteng. Kuku aliyekuwa akiparamia ukuta jana, leo amejikunyata, manyoya yamesimama na anakuacha umshike, usimwite mpole: huenda anaumwa. Usimchinje wala usimuuze. Mtenge, kisha mpigie daktari wa mifugo wa serikali siku hiyo hiyo.